Kompyuta ikiulizia flashi, msifomati kwanza

Kati ya Kabambare na Kasongo, mara nyingi majina ya watu husafiri ndani ya flashi. Orodha ya familia zilizokimbia vijiji vya upande wa Salamabila huandikwa kwa kalamu, hupigwa kwenye kompyuta mahali penye sola au jenereta, kisha hubebwa kwa pikipiki mpaka penye mtandao.

Hapo ndipo shida huanza. Karani anafungua programu ya barua pepe, flashi ameshaitoa, na mashine inamwambia aweke diski katika E. Au flashi ingali ndani, na taa yake inamulika wakati yeye anasoma barua tu. Fundi wa jirani anasema ni virusi, na dawa yake ni moja: fomati. Dakika moja tu, orodha imekwisha. Siku ya mgao, mama aliyetembea na watoto kutoka Kabambare anaambiwa jina lake halipo.

Ushauri huo ni mbaya. Anayeutoa hakuuliza swali la kwanza: nani aliituma programu huko? Maana kwa kawaida ilitumwa na mtu. Thunderbird hukumbuka folda ambamo kiambatisho kilihifadhiwa mara ya mwisho. Kama kilihifadhiwa kwenye flashi, kesho itaitafuta flashi ileile. Picha ya nembo iliyowekwa chini ya saini nayo inaweza kuwa imechukuliwa kutoka flashi. Kwa Outlook jambo ni zito zaidi: faili la .pst, ambalo ndani yake zimo barua zenyewe, huenda mtu aliliweka kwenye flashi ili kuokoa nafasi. Flashi hiyo ikichomolewa, barua hazionekani tena.

Basi flashi irudishwe mahali pake, na yote yaliyomo yanakiliwe kwenye kompyuta kabla ya kugusa kingine. Kisha zifunguliwe taratibu za akaunti: folda ya barua iko wapi, saini inatoka wapi, faili la data liko wapi. Anwani inayoanza na E au F ndiyo yenye kosa. Programu ifungwe, faili lihamishiwe kwenye kompyuta, na anwani mpya ionyeshwe. Kiambatisho kimoja kihifadhiwe kwenye folda ya kompyuta, na Thunderbird itasahau flashi.

Virusi vya flashi vipo, hakuna ubishi. Conficker, iliyotokea mwaka 2008, ilienea pia kwa njia hiyo, na mwaka 2011 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuzuia flashi kujiwasha yenyewe kwenye Windows za zamani. Kwa hiyo flashi ipimwe kwa antivirusi. Kupima si kufuta.

Lakini wakubwa wa mashirika wasiwatupie makarani lawama zote. Orodha yenye jina la baba, idadi ya watoto na kijiji walichotoka, katika eneo lenye watu wenye silaha, haifai kukaa wazi kwenye kitu kinachoweza kudondoka mfukoni njiani. Nakala moja ibaki ofisini. Ile ya safari ifungwe kwa neno la siri. 7-Zip hufanya kazi hiyo bila malipo. Na neno hilo lisibandikwe kwa karatasi mgongoni mwa flashi yenyewe.