Maradhi Yanayoufanya Mwili Usahau



Katika mazungumzo ya majumbani, hasa panapokuwa na mtoto mchanga, lipo neno ambalo halikosi kusemwa na wakubwa wetu: "Sisi sote tuliugua surua, tukapona, na miili ikakomaa." Neno hilo husemwa kwa nia njema, wala si uongo mtupu. Lina nusu ya ukweli ndani yake. Nusu iliyobaki ndiyo iliyozika watoto wengi, na haiwezi kufahamika vizuri mpaka kwanza tujue namna mwili unavyomtambua mgeni, unavyopambana naye na unavyomkumbuka.

Surua si maradhi mapya. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyefariki katika karne ya 10, aliandika kitabu maalumu cha kutofautisha ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Hata hivyo, yeye na wenzake hawakuwa na njia ya kuona yanayotendeka ndani ya damu. Hayo yamejulikana katika zama za karibu, na baadhi yake ni ya miaka michache tu iliyopita.

Walinzi wa mlangoni

Mwili una kuta kabla ya kuwa na askari. Ngozi huwazuia wadudu wasiingie. Machozi na mate yana kemikali inayobomoa kuta za bakteria. Makamasi hunasa vumbi na vijidudu, na tindikali ya tumbo huua vingi tunavyovimeza pamoja na chakula.

Mgeni akipenya kuta hizo, kama mtoto anapochomwa na mwiba, hukutana na seli nyeupe za damu za aina ya walaji. Seli hizi humzingira mdudu, humeza na kumsaga. Pale penye jeraha hugeuka pekundu, hupata moto na kuvimba, kwa sababu mishipa midogo ya damu imetanuka ili kuwapisha walinzi wengi zaidi. Usaha tunaouona baadaye kwa sehemu kubwa ni mizoga ya walinzi hao pamoja na wadudu waliouawa.

Kazi hii iligunduliwa kwa kiumbe ambacho watu wa pwani wanakijua vema. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Mrusi Ilya Mechnikov alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenyeka kwa macho kama kioo, akawachoma kwa miiba ya mwaridi. Asubuhi yake alikuta seli zimeuzunguka mwiba pande zote. Mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Nani wa nyumbani, nani mgeni

Hapa pana swali zito: mlinzi hujuaje kwamba huyu ni mgeni na yule ni wa nyumbani?

Walinzi wa mlangoni hutumia alama za jumla. Bakteria, kwa mfano, ana ukuta wa namna ambayo haipatikani katika seli yoyote ya binadamu. Mlinzi akiigusa alama hiyo hahitaji kujua jina la mdudu. Inamtosha kujua kwamba mwenye vazi lile si mwenyeji.

Lakini liko jeshi la pili lenye utambuzi wa ndani zaidi, nalo ni la seli nyeupe ziitwazo limfosaiti. Kila limfosaiti huzaliwa na kipokezi chenye umbo lake, mfano wa kufuli linalongoja ufunguo wake mmoja. Mwili hausubiri maradhi yaje ndipo utengeneze kufuli. Hutengeneza mamilioni ya maumbo mbalimbali mapema, yakiwemo ya wadudu ambao huenda mtu huyo asikutane nao maisha yake yote. Mgeni akiingia, ile limfosaiti ambayo kufuli lake limeoana naye ndiyo huamshwa na kuanza kuzaana. Maelezo haya yalitolewa na Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957, na uchunguzi uliofuata umeyathibitisha.

Msomaji makini atauliza: je, katika mamilioni ya maumbo hayo hayatokei yanayooana na mwili wenyewe? Hutokea. Kwa sababu hiyo kundi moja la limfosaiti hupelekwa kwanza katika tezi iitwayo thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, na huko hujaribiwa. Zile zinazoelekea kuushambulia mwili huondolewa, na zilizo nyingi hazifaulu mtihani huo. Uchujaji ukipwaya, mwili huweza kujigeuka: katika kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, walinzi huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Na pengine mlinzi hukasirikia kisicho adui, kama karanga au chavua ya maua, na hayo ndiyo tunayoyaita mzio.

Vita na kumbukumbu

Tuseme virusi wa surua ameingia kupitia hewa. Virusi hawezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya seli ya mtu na kuifanya kiwanda chake. Hata humo hasitiriki kabisa, kwa kuwa kila seli huweka nje, juu ya ngozi yake, vipande vya protini inazozitengeneza, kama mwenye duka anayetandaza barazani sampuli za bidhaa zake. Limfosaiti wauaji hupita wakikagua. Wakikuta barazani kipande kigeni, huiua seli hiyo pamoja na kiwanda kilichomo.

Limfosaiti wengine hutengeneza kingamwili, yaani protini ndogo ndogo zenye umbo la panda ya manati, zinazoelea katika damu na kumnasa virusi kabla hajaingia katika seli nyingine. Kazi hii yote huchukua muda. Seli zinazomfaa adui huyu ni chache mno mwanzoni, nazo huhitaji siku nyingi kuzaana hadi zitoshe. Katika siku hizo ndipo mtoto huugua.

Vita vikiisha, askari wengi hufa. Wachache hubaki katika uboho wa mifupa, katika mitoki na kwenye bandama, wakiihifadhi sura ya adui. Akirudi, hawaanzi upya. Humkabili upesi hata pengine mtu asijue kwamba alivamiwa.

Ushahidi wa kumbukumbu hiyo ulipatikana mbali, katika visiwa vya Faroe, vilivyo kaskazini mwa bahari ya Atlantiki chini ya Denmark. Mwaka 1846 seremala mmoja aliyetoka Copenhagen aliifikisha surua huko. Katika watu wapatao 7,800, takriban 6,000 waliugua. Daktari kijana, Peter Ludwig Panum, alitumwa kwenda kuchunguza, akaona jambo la ajabu. Surua ilikuwa haijaonekana visiwani humo tangu mwaka 1781, na wazee walioiugua wakati ule, miaka 65 nyuma, hawakuugua tena hata mmoja kati ya aliowachunguza.

Basi hiyo ndiyo nusu ya ukweli iliyo katika neno la wakubwa wetu. Aliyeugua surua akapona, mwili wake humkumbuka virusi huyo umri wote.

Bei isiyotajwa

Sasa tuitazame nusu ya pili. Kila virusi huingia mwilini kwa mlango wake, na mlango wa virusi wa surua ni protini iliyo juu ya limfosaiti wenyewe, hasa wale watunza kumbukumbu. Kwa maneno mengine, surua haiwavamii raia kwanza. Huvamia maktaba ya jeshi. Na mwili, katika kujitetea, hulazimika kuziua seli zote zilizoambukizwa, zikiwemo zile zilizohifadhi sura za maadui wa zamani. Mtoto hutoka katika ugonjwa akiijua surua vizuri, lakini akiwa amesahau mengi aliyokwisha kujifunza juu ya wadudu wa nimonia, wa masikio na wa kuhara.

Hili lilipimwa nchini Uholanzi. Mwaka 2013 surua ilizuka katika jamii za huko ambazo hazichanji watoto wao. Watafiti walikuwa na damu ya watoto 77 iliyochukuliwa kabla ya kuugua na baada ya kupona. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: watoto walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Watoto waliopata chanjo ya surua hawakupoteza kitu. Utafiti wa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za vifo vya watoto wa Uingereza, Marekani na Denmark, ulionyesha kwamba athari ya surua katika kinga huweza kudumu kwa miaka miwili hadi mitatu.

Hebu tuyatafakari haya kwa hali ya nyumba zetu. Mtoto anaugua surua, upele unakauka, nyumba inashukuru. Miezi mitano baadaye anapatwa na nimonia. Nani ataitaja surua siku hiyo? Mama atasema surua ilikwisha zamani, na kifo, kikitokea, kitaandikwa jina la nimonia. Ndiyo maana wakubwa wetu waliona watoto wakipona surua na hawakuona ilichowaachia. Na waliosema "tukapona" ni wale waliobaki kusema.

Kwa nini mara mbili

Chanjo ya surua ina virusi hai aliyedhoofishwa. Huufundisha mwili sura ya adui bila kuichoma maktaba. Tanzania na Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18, na wazazi wengi huuliza sababu ya kuirudia.

Mtoto anapokuwa tumboni hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma. Hizo humlinda miezi ya mwanzo, lakini pia humnasa virusi wa chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Kufikia miezi tisa, kwa watoto wengi zimekwisha kupungua, ila si kwa wote. Kwa hiyo katika watoto 100 wanaochanjwa umri huo, takriban 85 hupata kinga, na kama 15 hubaki bila kinga ingawa kadi zao zimeandikwa. Kwa macho hatuwezi kuwabainisha. Chanjo ya pili ni kwa ajili yao, na kila mtoto anaweza kuwa mmoja wao.

Surua nayo ni miongoni mwa maradhi yanayoambukiza upesi kuliko yote. Mgonjwa mmoja, katika watu wasio na kinga, huweza kuambukiza 12 hadi 18, na virusi huweza kubaki katika hewa ya chumba kwa muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Ili isipate njia ya kupita, watu 95 katika kila 100 wahitaji kuwa na kinga. Ukuta huo ndio unaomkinga mtoto wa jirani aliye na miezi minne, ambaye muda wake wa kuchanjwa haujafika, na mtoto mwenye saratani ya damu ambaye haruhusiwi kupewa chanjo hii. Haki ya jirani ina mlango wake hata hapa.

La kufanya juma hili

Ndugu mzazi, ifungue kadi ya kliniki ya mtoto wako uitazame nafasi ya miezi 18. Ikiwa iko wazi, mpeleke kituoni, hata kama umri huo umeshampita. Muulize mhudumu bila haya, kwani lengo ni kumkamilishia.

Mtoto akipata homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha upele unaoanzia usoni na nyuma ya masikio, msimfiche ndani. Mpelekeni kituo cha afya, ambako pamoja na matibabu hupewa vitamini A kwa kipimo chake, siku mbili mfululizo. Endeleeni kumnyonyesha na kumlisha. Akipumua kwa kasi, akakataa kunyonya au akapatwa na degedege, asingojewe kupambazuka. Na baada ya kupona, kwa muda wa miaka miwili au mitatu, homa yake isichukuliwe kuwa ya kawaida, na chanjo zake zilizobaki zikamilishwe.

Wakubwa wetu tuwaheshimu kwa waliyoyaona, nasi tuwaeleze kwa adabu yale ambayo hawakupewa nafasi ya kuyaona. Kukomaa kwa mwili wa mtoto kunapatikana kwa chanjo mbili, bila mtoto kulipia kwa kumbukumbu yake.