Redio za valvu za Ukambani zisiuzwe kwa kilo

Mnunuzi wa vyuma chakavu anapoingia kijijini huko Makueni au Kitui, hutazama redio kuukuu kwa jicho la mizani. Shaba iliyozungushwa ndani ya transfoma ina bei, na bati lililobeba valvu, ile mirija ya kioo inayokuza mawimbi, nalo lina bei. Sanduku la mbao huishia jikoni, na valvu zenyewe hupasuka jalalani. Biashara hiyo ni halali, lakini ni hasara kubwa, na watu wa mji wa Salama, huko Makueni, wana sababu nzuri ya kuikataa.

Utangazaji ulipoanza Nairobi mwaka 1928, ulikuwa wa Kiingereza na uliwalenga walowezi. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1953 ndipo ikaundwa huduma ya kuwatangazia Waafrika, na Kikamba kikawa miongoni mwa lugha zake. Mwaka 1957 idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kusikika. Miaka hiyo transistori, iliyokuja kuchukua nafasi ya valvu, ilikuwa ingali ngeni na ghali. Redio ya kwanza ya kubebeka yenye transistori ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954 tu. Kwa hiyo sauti za kwanza kuingia nyumba nyingi zilipitia valvu. Wakamba wengi walikuwa wanajeshi, polisi na wafanyakazi wa reli, watu waliokuwa na mshahara wa kununulia chombo kama hicho.

Bei haikuwa mzaha. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, afisa wa habari Harry Franklin alihangaika hadi kampuni ya Ever Ready ikatengeneza, mwaka 1949, redio ya valvu nne yenye umbo la sufuria, iliyopakwa rangi ya buluu. Iliuzwa pauni tano, na hiyo ndiyo iliyoitwa rahisi! Betri yake ilidumu saa 300 hivi.

Betri ndiyo inayowakatisha tamaa warithi wengi. Redio za mahali pasipo na stima zilitaka volti 90 za kuendesha valvu na volti moja na nusu za kuzipasha moto, na betri za namna hiyo hazipo tena madukani. Lakini betri kumi ndogo za volti 9, zikiungwa kwa mfuatano, hutoa volti 90 kamili. Valvu ambazo jina lao huanza kwa herufi D huhitaji volti 1.4 za kupashia moto, na hizo betri moja kubwa ya tochi huzitosheleza. Fundi yeyote wa simu pale Salama anaweza kuifanya kazi hiyo.

Redio za stima zinahitaji uangalifu zaidi. Iliyokaa miaka arobaini isichomekwe moja kwa moja kwenye volti 240. Kapasita za karatasi huvuja, zile za elektroliti hukauka, na mpira wa nyaya hukatikakatika. Fundi mwangalifu huzibadilisha kapasita kwanza, kisha huiwasha redio kupitia balbu ya zamani ya nyuzi iliyoungwa kwa mfuatano. Balbu ikiwaka sana bila kufifia, kuna hitilafu, na redio imenusurika. Hatari kuu iko kwa zile zenye valvu za herufi U. Nyingi kati ya hizo hazina transfoma ya kuzitenga na waya wa stima, kwa hiyo bati lake lenyewe linaweza kuwa na umeme. Mtu asiliguse, wala asiunganishe simu kwenye redio hiyo.

Vipuri havijaisha duniani. Viwanda vya Urusi na Slovakia bado hutengeneza valvu za vikuza sauti vya gitaa, zikiwemo EL84 zilizokuwa zikiendesha spika za redio nyingi za Ulaya. Na mbao iliyopasuka ni shida ndogo katika nchi ya Wakamba, ambako uchongaji wa Wamunyu umelisha familia tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa kuwa bado zinaweza kutengenezwa, redio hizi zinafaa kupelekwa kwenye vyuo vya ufundi, kikiwemo kile cha mjini Wote. Ndani ya simu mwanafunzi haoni kitu ila vibonge vyeusi. Ndani ya redio ya valvu anaona nyuzi zikiwaka rangi ya chungwa, anafuata waya kutoka antena hadi spika, anapima volti kila hatua na kujua ni wapi sauti imepotelea. Kaunti nayo inaweza kutenga chumba kimoja cha maktaba, ikaandika kila redio ilitoka boma gani na nani aliinunua kwa mshahara wa kazi ipi. Kazi hiyo ianze na wazee waliozisikiliza, maana wao ndio wanaokumbuka majirani gani walikuja kuketi uani saa ya habari, na vituo gani vilishika vizuri kutoka Salama.