KONA YA MAMA NA MTOTO: Mtoto mchanga na baridi ya Juni

 Meno yanagongana kidogo. Mwezi wa sita umefika, na wote mnajua maana yake. Asubuhi maji kwenye ndoo yanauma mikono, watoto wanakuja darasani wamejifunga kitenge cha mama zao, na kule sokoni wauza kaunjika wametoa masweta yote yaliyokuwa chini ya lundo.

Wengi wetu hatukuzaliwa na baridi kama hii. Sisi tunatoka Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ambako usiku unaweza kulala na shuka moja na bado ukatoka jasho. Ndugu zetu wa Minembwe, wa Bukavu na wa milima ya Burundi ndio wanaoijua baridi, na wanatucheka. Lakini hapa Malawi katikati, usiku wa Julai joto hushuka mpaka karibu digrii 8 au 9, na nyumba zetu za matofali ya udongo hazina dari. Kwa hiyo mwezi huu tunazungumza juu ya jambo moja: jinsi ya kumlaza mtoto mchanga apate joto la kumtosha, si baridi na si moto kupita kiasi.

Kusema kweli, habari hii tuliogopa kuiandika kwa sababu ya aibu. Lakini kisa chenyewe ndicho kitawafundisha kuliko maneno yetu, basi tunakisimulia.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Mwaka jana, mwezi kama huu, dada yetu mkubwa alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mzima, ananyonya vizuri. Wiki ya pili baridi ikakaza. Sisi nyumbani tukafanya kile tulichofikiri ni mapenzi. Tulimvika singlendi, sweta mbili, soksi na kofia ya sufu. Tukamfunga kitenge, kisha blanketi mbili za HCR juu yake, na kona ya blanketi tukaivuta mpaka usoni ili baridi isimwingie puani. Halafu tukaingiza mbabula ndani, makaa mekundu mazuri bila moshi, tukaziba dirisha kwa gunia, tukafunga mlango. Tukalala tunajisifu.

Saa saba ya usiku dada akatuamsha. "Amkeni, kichwa kinanipasuka, na mtoto ana moto sana!" Tukamgusa: shingo imelowa jasho, uso mwekundu, anapumua haraka haraka, ziwa analikataa. Mama mmoja jirani akaja na taa. "Mi naona ni malaria hii, mpelekeni mbio." Tukatoka naye nje, tukakimbia kituo cha afya.

Muuguzi wa zamu hakuuliza homa ilianza lini. Aliuliza, "Mmemvika nguo ngapi?" Tukaanza kuzivua na kuzihesabu. Zilikuwa nane, pamoja na kofia na soksi. Kipimajoto kilisema digrii 38.2. Akamwacha na singlendi na nepi, akamweka kifuani kwa mama yake na kitambaa kimoja mgongoni. Kipimo cha malaria kikatoka safi. Baada ya nusu saa hivi joto lilikuwa 37.1, na mtoto akaanza kunyonya.

Ndipo akauliza swali la pili. "Mlilala na moto ndani?" Tukasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, bahati yenu ni kwamba dada yenu aliamka. Usiku huu mlikuwa mnazikwa wote." Akatuweka pale mpaka asubuhi, akiwaangalia mama na mtoto.

Ndugu msomaji, sisi ni walimu wa kujitolea. Darasani tunafundisha sayansi. Kila mwaka tunawasha mshumaa, tunaufunika kwa glasi, na watoto wanapiga makofi ukizimika. Na bado tulijifungia ndani na makaa. Ndiyo sababu tunaandika.

Kwa nini mtoto mchanga si kama sisi

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kutetemeka kunamletea joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Ana mafuta maalumu mgongoni na shingoni yanayochomeka kutoa joto, lakini ni kidogo, na ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni kidogo zaidi. Ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, basi joto linamtoka upesi. Lakini na moto mwingi hawezi kujiokoa: hawezi kulisukuma blanketi, hawezi kusema "mama, nivue." Atalia tu, au atanyamaza, na kunyamaza ndiko kubaya zaidi.

Joto zuri la mtoto mchanga ni kati ya digrii 36.5 na 37.5. Najua wengi hatuna kipimajoto nyumbani. Tumia mkono wako. Upashe kwanza usiwe wa baridi, kisha gusa tumbo lake, halafu nyayo.

- Tumbo na nyayo vyote vina joto la kawaida: mtoto yuko sawa, mwache alale.
- Tumbo lina joto lakini nyayo ni baridi: baridi imeanza kumpata. Mvike soksi, ongeza nguo moja, au mweke kifuani.
- Tumbo na nyayo vyote ni baridi: hiyo ni hatari. Mweke ngozi kwa ngozi mara moja, mnyonyeshe, na uende kituo cha afya ukiwa umembeba hivyo hivyo.
- Kifua ni moto, shingo ina jasho, uso mwekundu: amezidishiwa. Punguza nguo moja, subiri kidogo, gusa tena. Moto usiposhuka, ni ugonjwa, nenda.

Nguo ngapi?

Hesabu yake ni rahisi. Angalia wewe mwenyewe umevaa nini na umejifunika nini mpaka ukajisikia vizuri, kisha mtoto mwongezee kimoja. Wewe ukiwa na fulana na sweta na blanketi moja, yeye awe na hizo na nguo moja nyembamba ya ziada. Aliyezaliwa juzi au aliye mdogo sana anaweza kuhitaji mbili. Na kumbuka: blanketi ukilikunja mara mbili, hayo ni mablanketi mawili!

Nguo mbili nyembamba zinashinda moja nzito, kwa sababu hewa inayobaki katikati yake ndiyo inayotunza joto. Tena ni rahisi kupunguza moja usiku bila kumvua wote. Inayogusa ngozi iwe ya pamba, sufu ikae juu. Kofia inamfaa wa siku za kwanza na aliyezaliwa na kilo pungufu. Isiwe na kamba, isiwe kubwa ya kuteremka puani. Mtoto akishakua kidogo na chumba hakina baridi kali, mvue kofia akilala. Nguo ya kaunjika ifue na uianike juani kabla ya kumvika.

Na jambo ambalo wengi tunasahau: nepi iliyolowa inamnyang'anya mtoto joto. Badilisha kabla ya kulala, na weka kavu karibu usije ukaitafuta gizani. Kuoga, mtoto aliyezaliwa leo asubiri angalau saa 24. Baada ya hapo aogeshwe mchana jua likiwa kali, mfute haraka, kichwa kwanza.

Kitanda chake

Baridi nyingi inatoka chini. Kabla ya kuongeza blanketi juu, ongeza kitu chini: maboksi yaliyofunguliwa, gunia lenye majani makavu, halafu mkeka au godoro. Pawe pagumu kidogo na pamenyooka. Mto mtoto hauhitaji. Alale chali, kila mara. Blanketi liishie kifuani, chini ya makwapa, na pembeni lichomekwe chini ya mkeka lisimpande usoni. Uso wazi kabisa! Shitingi au plastiki yoyote isiwe karibu na kichwa chake. Chandarua kifungwe kama kawaida, kwani hata wakati wa baridi mbu wapo.

Kumfunga kwa kitenge si vibaya, lakini miguu iweze kukunjika na kifua kiweze kupumua. Akianza kutaka kugeuka, acha kumfunga.

Nyumba nayo itengenezeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema, na hapa ni ufa kweli kweli. Ziba nyufa kwa udongo upande ule upepo unakotoka, lakini acha tundu juu hewa ipite.

Mbabula ibaki nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hajui. Ukitaka kupasha kitanda, tumia chupa yenye maji moto iliyofungwa vizuri: iweke kitandani kabla, halafu iondoe unapomlaza mtoto, isije ikamwunguza.

Kifua cha mama

Wasomaji, blanketi bora kuliko yote halitoki kwenye mgawo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Akawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa. Leo dunia nzima inafanya hivyo. Novemba 2022 OMS ilishauri kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5 awekwe hivyo mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kila siku. Baba naye anaweza, kifua chake kina joto lile lile. Akina baba, msijifiche nyuma ya gazeti!

Tulivyoulizwa

Mama mmoja ametuuliza: "Tuna blanketi mbili tu na watoto wanne, nifanye nini?" Mama, wakubwa walale pamoja chini ya moja. Mchanga mpe kitenge na nguo zake, alale kando yako upande wa ukuta lakini pasiwe na mwanya wa kuanguka, wewe ukijifunika la pili mpaka kiunoni na kuvaa sweta juu. Asiwe katikati ya watu wawili. Na aliyekunywa pombe, au dawa ya usingizi, asilale karibu naye kabisa.

Mwingine anasema: "Bibi anataka mtoto alale kifudifudi, eti tumbo lake litapata joto." Bibi tunamheshimu, shikamoo bibi. Zamani hata madaktari wengi wa Ulaya walisema hivyo. Lakini Uingereza walipoanza mwaka 1991 kuwaambia wazazi wawalaze watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini vilipungua zaidi ya nusu. Kwa hiyo bibi ambebe mchana mgongoni kadiri anavyopenda, usiku mtoto alale chali.

Usingoje asubuhi

Nenda kituo cha afya hata kama ni usiku ukiona hivi: mtoto hanyonyi, ni baridi hata baada ya kukaa kifuani, ana moto usioshuka, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinaingia ndani akipumua, amelegea, haamki ukimgusa. Mwamshe jirani akusindikize. Hakuna jirani wa Dzaleka atakayekataa.

Yule mtoto wa dada sasa ametimiza mwaka, anatembea akishika ukuta. Jana usiku dada alimfunika, akagusa tumbo lake, kisha akatutazama na kutuuliza, kama kila siku: "Mbabula iko wapi?" Tukajibu: "Iko nje." Sasa ndivyo tunavyoagana kwetu kabla ya kulala. Na wewe waulize watu wako leo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Maswali yenu yaleteni darasani kwetu au mtupe njiani.