Wacheni Watu Waongee Kwanza

Watu wangu wa Lodwar na Kakuma, mnajua vile mikutano yetu huenda. Mnaitwa saa mbili, wageni wanafika saa tano. Maombi, utambulisho, salamu za kila mheshimiwa, hotuba. Jua likiwa utosini ndio unasikia, "Kwa sababu ya muda, tuchukue maswali matatu tu." Mmoja anauliza, wawili wanashukuru, mnasaini karatasi, mnapewa soda. Hiyo karatasi baadaye inaitwa ushiriki wa umma.

Mi nasema hivi: maoni yanayoombwa baada ya uamuzi si maoni. Ni mahudhurio.

Angalia Kakuma mwaka wa 2025. Machi, mgao wa chakula ulipopunguzwa, wakimbizi waliandamana. Agosti, familia zikaanza kupewa msaada kwa makundi manne kulingana na uhitaji. Ukiwekwa kundi la mwisho, swali lako ni rahisi: mlijuaje mimi najiweza? Swali kama hilo likikosa mahali pa kuulizwa, linaingia barabarani.

Najua kuna wenye watasema ukiachilia maiki, utapata matusi, siasa, na mtu wa kuchochea wenyeji dhidi ya wakimbizi. Ni kweli, watu kama hao wako. Lakini wazee wetu wakikaa chini ya mti, mmoja akikosa adabu ananyamazishwa, kikao kinaendelea. Hawafungi kikao kwa sababu ya mdomo mmoja. Dawa ya matusi ni mwenyekiti mzuri.

Tena kunyamazisha watu hakufanyi kazi. Wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao, KANERE, tangu 2008, wakajiandikia habari zao wenyewe. Ukimfungia mtu mlango, atapitia dirishani.

Sasa tuna Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wa kufanya kambi ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Hapo kuna ardhi, maji, malisho na kazi. Mama wa Kalobeyei ana swali, kijana wa Kongo mwenye duka Kakuma ana swali. Si wasikizwe kabla?

Mimi naomba mambo matatu tu. Leteni habari mapema, kwa Kiturkana na kwa lugha za kambini. Wananchi waongee kwanza, waheshimiwa wafuate. Halafu mrudi mtuambie: hili tumelichukua, hili tumelikataa, na sababu ni hii. Hata "hapana" yenye sababu ni heshima.

Mtu ataniuliza niliacha chuo, nimesomea wapi sera. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kimetaja ushiriki wa wananchi. Hakijataja cheti.

Mkutano ujao, wakisema maswali ni matatu, wewe uliza la nne.