Mzamiaji wa Ziwa Kivu asishuke na chupa moja

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitokea Minova. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwamba watu 278 walikuwa ndani, na wasiopungua 78 walikufa. Wengi walipita ziwani kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake–Minova. Familia ziliomba jambo moja: watu wao watafutwe majini, wazikwe.

Ombi hilo ni la haki. Lakini kijana anayetumwa chini naye ana mama. Akishuka na chupa moja, na kifaa chake cha kupumulia kikakwama, matanga yatakuwa mawili.

Wengine husema mwenzake atampa hewa. Hiyo ni kweli maji yakiwa meupe na wenzi wakiwa karibu. Kwenye matope, au ndani ya boti iliyopinduka, hawaonani. Mwaka 2018, huko Ukara, Tanzania, wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya MV Nyerere siku mbili baada ya kupinduka. Kazi ya namna hiyo hufanyika chini ya bati, mahali ambapo mtu hawezi kuruka juu moja kwa moja. Akiba ya hewa lazima iwe mwilini mwake mwenyewe.

Akiba gani? Hapa ndipo watu hudanganywa na bei na udogo. Iko chupa ndogo ya kushika mkononi, ya nusu lita hivi. Ikijazwa bari 200, inatoa kama lita 100 za hewa. Mtu mwenye hofu hupumua lita 30 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 30 hutumia karibu mara nne, yaani lita 120. Chupa hiyo haimalizi dakika moja.

Chupa ya lita 3 inatoa lita 600. Dakika moja ya kujinasua chini hula 120. Kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika, hula kama 250. Kusimama dakika tatu kwenye mita 5 hula kama 135. Jumla ni karibu 505. Hiyo inatosha, lakini haibaki nyingi. Kwa hiyo hewa hiyo isihesabiwe kamwe katika mpango wa kazi. Tena Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hivyo jedwali za kupanda za baharini hazifai bila kurekebishwa.

Chupa ya pili iwe na kipumulio chake, kipimo chake na mdomo wake, na ijaribiwe kabla ya kila kushuka. Ikitegemea kifaa kimoja na chupa kubwa, si akiba.

Na kuna jambo ambalo wakaaji wa Sake na wahami waliokaa Bulengo na Lac Vert wanalijua kuliko mtaalamu yeyote: mazuku. Hewa hiyo mbaya ni nzito, hulala mabondeni, huua mbuzi na watoto kimya kimya. Mashine ya kujaza chupa ikiwekwa mahali pa chini, au karibu na moshi wa motere, itashindilia sumu ndani ya chupa zote mbili kwa pamoja. Mashine iwekwe mahali palipoinuka, penye upepo.

Wanaotoa misaada kwa vikosi vya uokoaji hupenda kutoa boti na makoti yenye nembo. Waanze na chupa ya pili kwa kila mzamiaji. Mpaka ipatikane, wakubwa wa vikosi wakatae kumshusha mtu, hata wafiwa wakilia ufukweni. Aliyekwisha kufa anaweza kungojea siku moja zaidi.