Kakoma kadogo, kasheshe kubwa!

Kama uko Area D, Makole au Chang'ombe, poa sana. Kama uko Dar unagombana na foleni na joto, pole, hewa ya huku Dodoma inakusubiri. Wiki hii mtanisamehe, sina stori ya mapenzi wala ya mitindo. Nina stori ya kitu kidogo kuliko punje ya uwele, na kinatesa watu kweli kweli.

Nazungumzia kile kialama kinachoning'inia kwenye neno "ng'ombe". Walimu wa Kiswahili wanakiita ritifaa. Mtaani tunakiita koma ya juu. Wengine hawakiiti chochote, wanakiruka tu, eti kinawachelewesha. Haya, kiruke uone. Daktari wa meno ukimwambia akung'oe jino, anachukua koleo. Ukiondoa koma, "ngoa" ni neno jingine kabisa, ni ule wivu wenye uchu ndani yake, ndiyo maana tunasema fulani analilia ngoa. Koma moja tu imekutoa kwenye kiti cha daktari ikakupeleka kwenye mambo ya wivu!

Huku kanda ya kati ndiyo usiseme. Kigogo kinaipenda sana sauti hiyo, tena kina na ile "ng'h" inayotoka na pumzi. Angalia ramani. Hapa jijini kuna Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kongwa kuna Ng'humbi. Mpwapwa kuna Ng'hambi. Ukivuka kwenda Singida, wilaya ya Ikungi, unakutana na Mang'onyi. Hiyo Ng'hong'onha peke yake ina koma mbili, na wanafunzi waliopanga huko wameshanyoosha mikono. Huyu anaandika Ng'ong'ona, yule Ngongona, na bodaboda anawafikisha wote bila swali.

Bodaboda hana tatizo. Mwenye tatizo ni kompyuta.

Unajua kompyuta haioni umbo la herufi kama wewe unavyoliona. Yenyewe inaona namba. Kila herufi ina namba yake kwenye orodha kubwa ya dunia nzima inayoitwa Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na sasa ina herufi na alama zaidi ya 150,000. Herufi "a" ndogo ni 97. Herufi "n" ni 110. Hapo hakuna ubishi. Sasa nikuulize, koma yetu ya juu ni namba ngapi?

Kasheshe linaanzia hapo. Ile iliyonyooka, ya kwenye kibodi, ni 39. Lakini ukiandika kwenye Word, programu inajifanya fundi wa urembo, inaikunja yenyewe na kuwa 8217. Simu nyingine nazo zina tabia hiyo hiyo. Iliyokunjwa kwa upande wa pili ni 8216. Kuna watu wanabonyeza kile kitufe cha juu kabisa kushoto, wanapata 96. Kuna nyingine iliyolala kidogo, 180. Halafu ipo 700, ambayo nitairudia baadaye. Jumla sita! Kwa macho yako zote ni koma ya juu, wala hushtuki. Kwa kompyuta hivyo ni vitu sita tofauti, kama vile mmoja kaandika Juma na mwingine kaandika Jumo.

Chukua kamati ya harusi. Mhazini ana jedwali lake la Excel, upande mmoja ahadi, upande mwingine waliokwisha kutoa. Ahadi ya Ng'washi iliandikwa kwenye simu, koma 8217. Hela zake zilipoingia, mtu mwingine akaandika kwenye kompyuta, koma 39. Jedwali likiulizwa nani hajatoa, linamtaja Ng'washi bila aibu. Dada wa watu katoa mshiko wake mapema kabisa, halafu Ijumaa anapokea ujumbe: "Ndugu, unakumbushwa mchango wako." Kama hana moyo, hiyo harusi haji.

Hiyo ya harusi tunaweza kucheka. Ya mshikaji wangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari, haichekeshi. Jina la ukoo wao linaanza na Ng'h. Mwaka mmoja aliomba jambo la maana sana kwenye mfumo wa taasisi fulani, siitaji maana sitaki kesi. Mfumo ukamjibu kuwa majina hayalingani. Akaandika upya, hola. Akaandika bila koma, hola tena. Fundi mmoja wa kompyuta alipokuja kumchungulizia, ikaonekana kwenye cheti koma imeingizwa kwa 8217, kwenye kitambulisho haipo kabisa, na yeye mwenyewe alikuwa anabonyeza 39. Akaambiwa akaape kwa wakili kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Hebu fikiria, mtu mzima unaapa kuwa wewe ni wewe! Mpaka mihuri inakamilika, siku ya mwisho ya maombi ilishapita. Akakaa nyumbani mwaka mzima akisaidia dukani.

Na huyo angalau mfumo ulikubali kusoma koma yake. Ipo mifumo inayoikataa kabisa, inakwambia jina lako lina alama isiyoruhusiwa. Sababu ni kwamba kwenye SQL, lugha ambayo mafundi wanaitumia kuulizia taarifa zilizohifadhiwa, ile koma 39 ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Fundi mvivu anaona bora aipige marufuku kuliko kuishughulikia. Ndiyo maana hata kina O'Brien na O'Neill wa Ireland wanalia kilio hiki hiki. Tena ziko programu zinazodhani kila baada ya koma huanza jina jipya, zinakuandikia "Ng'Ombe" na O kubwa katikati, kama vile huyo ng'ombe ana digrii.

Sasa tuhame kidogo. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma ilifunguliwa Taasisi ya Confucius mwaka 2013, na vijana wetu wamekuwa wakikamua Kichina humo. Waulize herufi za Kichina zilivyo, watakwambia unaweza kudata. Ni maelfu kwa maelfu, na Wajapani na Wakorea nao walizichukua tangu zamani. Kila nchi ikawa na mwandiko wake, huku mstari mmoja umelala, kule umesimama, herufi ikabaki ile ile. Unicode ilipoziingiza mwaka 1992, kwa kuanzia 20,902, ilikata shauri kwamba herufi ikiwa ni moja, namba ni moja, hata kama China na Japani wanaichora tofauti kidogo.

Kwa hesabu ilikuwa akili. Kwa majina ya watu na ya miji, ikawa kimeo. Kule Tokyo kuna wilaya inaitwa Katsushika. Mkoa wa Nara kuna mji unaitwa Katsuragi. Majina yote mawili yanaanza na herufi ile ile yenye namba ile ile, ila Katsushika wanaichora hivi na Katsuragi wanaichora vile, na kila upande unataka yake. Mwaka 2004 Wajapani wakabadilisha michoro ya mfano ya herufi 168 kwenye kiwango chao cha taifa, na hiyo ya Katsushika ikiwemo. Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007 ikafuata michoro mipya. Ikawa faili lile lile ukilifungua kwenye kompyuta ya zamani jina lina sura moja, ukilifungua kwenye mpya lina sura nyingine. Usiniulize kuhusu kina Watanabe, maana herufi ya mwisho ya jina lao ina michoro mingi mpaka makarani wanaikimbia.

Walifanyaje? Hawakumwambia mtu abadilishe jina. Waliweka mkia usioonekana. Nyuma ya herufi unabandika namba nyingine ya siri, haionekani kwenye kioo, kazi yake ni kusema "hii ichore kwa sura ile." Mikia 240 imetengwa kwa kazi hiyo, na daftari la kuandikisha sura lilianza kujazwa mwaka 2007. Utamu wake ni huu: programu iliyotengenezwa vizuri, wakati wa kutafuta inauruka mkia, inajua herufi ni ile ile. Wakati wa kuchapa inauheshimu, jina linatoka kama babu alivyoliandika. Sura ni ya mwenye jina, utambulisho ni wa herufi.

Umeona tofauti? Wao walikuwa na namba moja yenye sura nyingi. Sisi tuna sura moja yenye namba nyingi. Wao shida yao ni ngumu kuliko yetu, na bado waliishughulikia, kwa sababu mtu na jina lake ni kitu kimoja.

Najua kuna atakayesema, kwani lazima koma? Si tuweke herufi nyingine yaishe? Mawazo hayo yalikuwepo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wa lugha huko London walipendekeza lugha za Afrika zitumie ŋ, ile "n" yenye mkia, na Waganda mpaka leo wanayo. Kiswahili kikabaki na koma yake. Na usidhani Waganda wamepona, maana ile Ŋ kubwa ina namba moja, 330, lakini ina sura mbili. Afrika tunaitaka kama "n" ndogo iliyonenepa. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wanaitaka kama N kubwa yenye ndoano. Ukipata mwandiko wa kizungu, unaandikiwa ya Wasami. Kwa hiyo kuhama siyo dawa.

Nirudi kwenye ile 700. Unicode yenyewe inaeleza kwamba koma ikiwa ni alama ya kawaida ya uandishi, 8217 inafaa, lakini ikiwa ni sehemu ya herufi, itumike 700. Na yetu ni sehemu ya herufi, kwa sababu "ng'" ni sauti moja. Safi kabisa, ila nionyeshe kitufe cha 700 kwenye simu yako. Umekiona? Mimi pia sikioni.

Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba mzigo huu asitwishwe mama wa Ng'humbi anayemwandikisha mtoto. Abebe fundi wa mfumo. Ni mistari michache tu: wakati wa kulinganisha majina, koma zote sita zihesabiwe moja, na wakati wa kuchapa jina litoke lilivyo. Na BAKITA wakikaa meza moja na watu wa kompyuta wakatamka namba rasmi ni ipi, watakuwa wamefanya kitu cha maana.

Wewe kijana, mpaka hapo watakapokaa, jilinde. Kagua vyeti vyako vyote leo, usingoje siku ya mwisho ya maombi. Ukijaza fomu, tumia koma iliyonyooka, na kama simu yako inaikunja, ingia kwenye mipangilio uizime. Usikopi jina kutoka Word.

Ila moja nakuomba usifanye. Nawasikia wazazi vijana wakisema mtoto ataandikishwa bila koma ili asije kupata tabu. Hapana! Jina la bibi yako lilivuka njaa na ukame wa Ugogo likakufikia lote. Lisije kukatwa sikio na kibodi.

Kama koma yako imeshakuletea kasheshe, niandikie. Tukutane wiki ijayo, na hiyo nakuahidi itakuwa ya mapenzi.