Okidi Ndogo Yenye Jina la Bwana Stolz

Huko Kyimbila, karibu na Tukuyu, alikaa Mdachi mmoja, Adolf Stolz (1871–1917), mmisionari wa Kimoravia. Alikusanya mimea ya misitu na milima, akaikausha, akaipeleka Ulaya kwa wataalamu. Mwaka 1915 mtaalamu Schlechter aliipa jamii moja ya okidi jina la Stolzia kwa heshima yake. Okidi hizo ni ndogo mno, hutambaa juu ya matawi ya miti. Apitaye kwa haraka hazioni.

Siku hizi okidi nyingine za nyanda zetu za kusini huchimbwa viazi vyake, vikauzwa Zambia kuwa chakula. Kiazi king'olewapo, mmea umekwisha. Basi, walimu wa Songea, waonyesheni watoto ua, waambieni na jina lake. Maana mtu hatunzi asichokijua.